Kumfungulia kesi afisa wa serikali kwa sheria ya jimbo nchini Marekani: mlango, kalenda na karatasi

Mpaka wa Colorado na New Mexico unapita karibu na kilele cha njia ya mlimani ya Raton, pale barabara kuu ya 25 inapovuka mlima. Tuseme polisi wa mji anamsimamisha dereva, anamtoa garini, anamlaza chini na kumpekua bila sababu yoyote ya kisheria. Yakitokea upande wa kaskazini, Trinidad, dereva atamdai polisi yule mwenyewe kwa jina lake. Yakitokea upande wa kusini, mjini Raton, akimdai polisi kwa jina chini ya sheria ya haki za kiraia ya huko, kesi haitasimama: anayedaiwa ni mji uliomwajiri. Kosa ni lile lile na mwendo ni nusu saa tu kwa gari, lakini hati ya madai inayofaa upande mmoja haifai upande wa pili.

Ndiyo maana mtu akiuliza namna ya kumdai afisa aliyevunja haki zake za kikatiba, swali la kwanza la kumrudishia ni hili: jimbo gani, na lini? Kesi nyingi za aina hii hazifi kwa sababu mdai alikosa ukweli. Hufa kwa sababu aligonga mlango usio wake, au alifika mlango wenyewe ukiwa umeshafungwa.

Tunazungumzia kesi ya madai, ya kulipwa fidia au kupata amri ya mahakama. Kumfungulia afisa mashtaka ya jinai ni kazi ya mwendesha mashtaka. Wewe unaweza kulalamika kwake tu.

Kwa nini sheria ya jimbo

Njia inayojulikana zaidi ni ya shirikisho, Kifungu cha 1983, kilichotungwa mwaka 1871. Kinamruhusu mtu kumdai fidia afisa wa jimbo, kaunti au mji aliyevunja haki zake chini ya Katiba ya Marekani. Kikwazo chake kikubwa ni kinga yenye masharti. Kinga hiyo haimo katika maneno ya sheria. Ilijengwa na Mahakama ya Juu ya Marekani kuanzia Pierson dhidi ya Ray (1967) na kupata sura yake ya leo katika Harlow dhidi ya Fitzgerald (1982). Afisa huachiliwa hata kama alivunja Katiba, iwapo haki iliyovunjwa haikuwa imeshawekwa wazi wakati ule. Kwa vitendo, wakili wako hutakiwa kutafuta hukumu ya awali yenye mazingira yanayofanana mno na yako. Kama hukumu iliyopo ni ya mtu aliyeng'atwa na mbwa wa polisi akiwa amelala chini, na wewe uling'atwa ukiwa umekaa na mikono juu, usishangae tofauti hiyo ikijadiliwa mwaka mzima.

Ziko kasoro nyingine mbili. Mji au kaunti haibebi dhima ya kosa la mtumishi wake chini ya 1983 mpaka uthibitishe kuwa kosa lilitokana na sera au desturi ya mji huo (Monell, 1978). Na jimbo lenyewe halidaiki fidia kabisa kwa kifungu hicho (Will dhidi ya Michigan, 1989).

Katiba za majimbo ni 50, kila moja ina sura yake ya haki, na mahakama za jimbo zina ruhusa ya kuisoma kwa upana kuliko mahakama za shirikisho zinavyoisoma Katiba ya Marekani. Lakini kuwa na haki katika katiba ya jimbo si sawa na kuwa na ruhusa ya kudai pesa haki hiyo ikivunjwa. Ruhusa hiyo ndiyo ninayoiita mlango.

Anza na beji, si na kosa

Kabla ya kufungua kitabu chochote cha sheria, jua mtu aliyekutendea anaajiriwa na nani. Sare hudanganya. Barabara moja inaweza kuwa na polisi wa mji, manaibu wa sherifu wa kaunti, polisi wa barabara kuu wa jimbo, polisi wa chuo kikuu, na maofisa wa shirikisho, wote kwa siku moja. Gereza la kaunti linaweza kuendeshwa na sherifu huku wauguzi wake wakiwa wa kampuni binafsi. Andika namba ya beji, namba ya gari, maneno yaliyo mlangoni mwa gari na namba ya ripoti. Kama hukupata jina, karatasi ya tiketi au ya kukamatwa huwa nalo.

Mwajiri ndiye anayeamua notisi (karatasi ya kutangaza dai kabla ya kesi) iende wapi, siku zako ni ngapi, na nani atalipa. Notisi iliyopelekwa kwa mji wakati afisa alikuwa wa kaunti huhesabiwa kuwa haikupelekwa, hata kama ofisi hizo mbili zinatumia jengo moja.

Majaji na waendesha mashtaka waache. Kwa kazi yao ya mahakamani wana kinga kamili, na hata majimbo yaliyoondoa kinga ya polisi hayakuigusa hiyo. Ukiwachanganya katika hati yako, jambo la kwanza jaji mpya atakaloona ni kwamba hujui unachofanya.

Maofisa wa shirikisho, kwa mfano wa uhamiaji au FBI (polisi wa upelelezi wa shirikisho), ni somo jingine. Kifungu cha 1983 hakiwagusi, na njia ya Bivens, hukumu ya mwaka 1971 iliyoruhusu kumdai fidia afisa wa shirikisho, imebanwa karibu kufungwa baada ya Egbert dhidi ya Boule (2022). Kinachobaki kwa watu wengi ni kuidai serikali ya shirikisho yenyewe kwa makosa ya kawaida ya madhara, kwa kujaza Fomu ya Kawaida namba 95 ndani ya miaka 2 na kutaja kiasi kamili cha dola. Ukiacha nafasi ya kiasi wazi, fomu huhesabiwa kuwa si dai.

Milango, na ile inayofanana na milango

Colorado ilipitisha sheria yake mwaka 2020, namba SB 20-217. Mtu anaweza kumdai polisi aliyevunja haki zilizo katika Ibara ya II ya katiba ya jimbo, pamoja na polisi aliyesimama akitazama bila kuingilia. Kinga yenye masharti si utetezi. Mwajiri hulipa fidia kwa niaba ya polisi, isipokuwa mwajiri akiona kwamba polisi hakutenda kwa nia njema na kwa imani ya maana kuwa yuko ndani ya sheria; hapo polisi hubeba mwenyewe asilimia 5 ya hukumu au dola 25,000, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Muda ni miaka 2. Sheria hii ni ya polisi: karani wa manispaa aliyekunyima haki hayumo.

New Mexico, kuanzia tarehe 1 Julai 2021, ina sheria pana zaidi na finyu zaidi kwa wakati mmoja. Ni pana kwa sababu inagusa kila chombo cha umma, shule na ofisi za kaunti zikiwemo, si polisi peke yao. Ni finyu kwa sababu unadai chombo tu, si mtu, na fidia ina kikomo cha dola milioni 2 ambacho hupanda kufuatana na gharama za maisha na ambacho ndani yake mna ada ya wakili. Muda ni miaka 3, na kwa vitendo vya polisi kuna notisi ya maandishi ya kutoa ndani ya mwaka 1. Tukio la kabla ya Julai 2021 halina nafasi, hata kama maumivu yanaendelea.

New Jersey ina Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 2004. Inamfikia mtu yeyote aliyekunyima haki akitumia mamlaka ya serikali, na haimhusu polisi tu. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliitumia dhidi ya karani wa jiji la Hoboken aliyekataa kupokea maombi ya wananchi ya kura ya maoni, na wananchi wakapewa na ada ya wakili. Kinga yenye masharti bado ipo huko, kwa hiyo usidhani kuwa kila sheria ya jimbo imeiondoa.

California na Massachusetts zina aina nyingine, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Sheria ya Bane ya California na sheria ya haki za kiraia ya Massachusetts kwa kawaida hazitosheki na kuvunjwa kwa haki peke yake. Zinataka haki hiyo iwe imeingiliwa kwa vitisho, kutia hofu au kulazimisha. Mahakama ya rufaa ya California, katika Cornell dhidi ya San Francisco (2017), ilisema kwamba katika kukamatwa kusiko halali huhitaji tishio jingine la pembeni, lakini lazima uonyeshe kuwa afisa alikusudia hasa kuivunja haki ile, au alitenda bila kujali kabisa. Kwa hiyo kosa la uzembe, kama kuingia nyumba namba 114 badala ya 141, halitoshi peke yake. Ukifaulu, fidia ya Bane inaweza kufikia mara tatu ya hasara halisi, na isipungue dola 4,000, pamoja na ada ya wakili. Massachusetts ina mtego wake: mji si "mtu" kwa maana ya sheria hiyo (Howcroft dhidi ya Peabody, 2001), kwa hiyo dai humwendea afisa.

Kuna majimbo ambako bunge halikusema kitu na mahakama zikafungua mlango zenyewe. Maryland ndiyo ninayoiona bora katika kundi hili: mji hubeba dhima ya mtumishi wake bila hadithi ya sera na desturi, ingawa sheria ya huko inaweka notisi ya mwaka 1 na vikomo vya fidia. Michigan ilifungua zaidi mwaka 2022 katika Bauserman, kesi ya watu waliotuhumiwa na idara ya mafao ya wasio na kazi kuwa ni matapeli. North Carolina, tangu hukumu ya Corum (1992), huruhusu pale tu ambapo hakuna njia nyingine ya kutosha. New York iliruhusu mwaka 1996 kisha ikabana. Lakini Jiji la New York lina sheria yake ya 2021 kuhusu upekuzi, kukamatwa na nguvu kupita kiasi, isiyo na kinga yenye masharti. Usiangalie jimbo tu, angalia na jiji.

Na kuna ukuta. Texas ilisema mwaka 1995, katika City of Beaumont dhidi ya Bouillion, kwamba katiba yake haitoi fidia ya pesa. Unaweza kuomba amri ya kuzuia au tamko la mahakama. Iowa ilifungua mlango mwaka 2017 na kuufunga mwaka 2023, na makala za kati ya miaka hiyo bado zinazunguka mtandaoni zikimpotosha mtu. Mlango wa katiba ukiwa umefungwa, yanabaki makosa ya kawaida: kupigwa, kukamatwa bila haki, kushtakiwa kwa hila. Mara nyingi hayo huambatanishwa hata pale mlango ulipo wazi.

Kalenda

Notisi ya madai ni karatasi inayotangulia kesi. Si kesi, na si lile lalamiko ulilojaza kwa kitengo cha ndani cha polisi. Hili la mwisho linaua madai mengi kuliko kosa jingine ninalolijua: mtu anaandika lalamiko kituoni wiki ya kwanza, anahojiwa vizuri, anaambiwa uchunguzi unaendelea, na baada ya miezi minane anapata barua. Lalamiko halisimamishi saa ya notisi hata siku moja.

California hutoa miezi 6 kwa madhara ya mwili na mali zinazohamishika. Tufanye hesabu. Tukio ni tarehe 10 Machi 2025. Notisi iwe imewasilishwa kabla ya tarehe 10 Septemba 2025 kupita. Umeipeleka tarehe 8 Septemba; mji una siku 45. Mji ukikutumia barua ya kukataa tarehe 20 Oktoba, una miezi 6 ya kufungua kesi, yaani hadi 20 Aprili 2026. Mji ukinyamaza, unahesabiwa umekataa, na hapo una miaka 2 tangu tukio, hadi 10 Machi 2027. Kwa hiyo barua ile fupi ya kukataa, ambayo watu huikunja na kuitupa kwa hasira, ndiyo inayopunguza muda wako. Weka na bahasha yake, kwa sababu muhuri wa posta ni ushahidi. Ukichelewa ile miezi 6, omba ruhusa ya kuchelewa kabla mwaka haujaisha tangu tukio. Mtoto hupewa ruhusa hiyo akiiomba ndani ya mwaka, mtu mzima anahitaji sababu ya maana.

New York ni kali zaidi: notisi kwa mji ndani ya siku 90, kesi ndani ya mwaka 1 na siku 90, na katikati mji unaweza kukuita kuhojiwa chini ya kiapo. Usipofika, kesi inaweza kuzuiwa.

Colorado haidai notisi kwa madai ya SB 20-217, kwa kuwa sheria yenyewe imeziweka kando kinga na masharti ya kisheria. Lakini ukiambatanisha dai la kawaida la kupigwa, notisi ya siku 182 inarudi kwa dai hilo. New Jersey nayo: notisi ya siku 90 ni ya makosa ya kawaida, si ya Sheria ya Haki za Kiraia. Kwa kuwa karibu kila mtu hudai vyote viwili, peleka notisi tu. Karatasi moja ya ziada haijawahi kumpotezea mtu kesi.

Notisi yenyewe

Chukua California kama mfano, maana vipengele vyake vinafanana na vya kwingine. Andika jina na anwani yako ya posta; anwani ambapo majibu yatumwe; tarehe, mahali na mazingira ya tukio; madhara na hasara kwa jumla; na majina ya maofisa kama unayajua. Kiasi cha pesa kinatajwa kama hakizidi dola 10,000. Kikizidi hapo hutaji namba. Unasema tu kama kesi itakuwa ndogo, isiyozidi dola 35,000, au kubwa. Notisi kwa mji au kaunti hupelekwa kwa karani au bodi, si kwa mkuu wa polisi. Ya jimbo huenda kwa Idara ya Huduma za Jumla na ada ya dola 25, ambayo asiye na uwezo anaweza kuombea msamaha.

Maneno unayoweka hapo yatakufunga. Ukitaja kupigwa pekee, kisha kwenye kesi ukaongeza upekuzi wa gari, mji utasema haukupewa nafasi ya kuuchunguza upekuzi, na dai hilo litaanguka. Orodhesha kila tendo na kila aliyehusika, hata aliyesimama pembeni. Ipeleke mkononi na ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, au kwa barua ya rejista.

Ushahidi unaojifuta wenyewe

Picha za kamera za kifuani hazihifadhiwi milele. Illinois huzitunza siku 90 kisha huzifuta, isipokuwa zimewekewa alama. New Jersey siku 180. Alama huwekwa kukiwa na lalamiko, matumizi ya nguvu au kukamatwa, kwa hiyo aliyesimamishwa, akadhalilishwa na kuachiwa bila tiketi ndiye aliye hatarini zaidi kupoteza picha. Wiki ile ile tuma barua mbili. Moja ni ya kutaka vitunzwe: kamera za kifuani za kila afisa aliyefika, kamera za magari, sauti za redio, simu za dharura za 911, ujumbe wa kompyuta za magari, kumbukumbu za mahali gari lilipokuwa. Taja tarehe, dirisha la saa (saa moja kabla na saa mbili baada) na namba ya tukio. Ya pili ni ya kuomba nakala kwa sheria ya kumbukumbu za umma. Colorado hulazimisha picha za madai ya utovu wa nidhamu zitolewe ndani ya siku 21, ingawa zinaweza kucheleweshwa hadi 45 zikiathiri upelelezi.

Kamera za maduka na majirani ni za haraka zaidi, nyingine hufuta picha za zamani kwa kurekodi mpya juu yake baada ya siku chache. Nenda mwenyewe ukaombe.

Majeraha yapige picha siku ya kwanza, ya tatu na ya saba, maana michubuko hukolea rangi baadaye; alama za pingu, kinyume chake, hupotea upesi. Hospitali eleza kilichotokea kwa maneno mepesi: "polisi alinikandamiza goti mgongoni." Daktari akiandika "aliumia mgongo" bila sababu, wakili wa mji atasema ulianguka.

Kama bado una kesi ya jinai

Hapa pana shimo kubwa. Ukikiri kosa, hata dogo, hukumu hiyo inaweza kuziba madai yako, kwa kanuni ya Heck dhidi ya Humphrey (1994): huwezi kushinda madai ambayo ushindi wake ungemaanisha hukumu ya jinai ni batili. California imeipeleka kanuni hiyo hadi kwenye madai ya jimbo. "Kumpinga afisa" ni shitaka linalotolewa bei nafuu mezani, siku moja ya huduma za jamii na umemaliza. Kisha linageuka kufuli la mlango. Mwambie wakili wako wa jinai, kabla hujasaini chochote, kwamba unakusudia kudai fidia.

California pia hairuhusu kumfungulia polisi kesi ya fidia wakati mashtaka yanayohusiana yanaendelea, na husimamisha saa ya kufungua kesi kwa muda huo. Haisimamishi saa ya notisi. Ile miezi 6 inaendelea kuhesabika ukiwa rumande.

Hati ya madai na mahakama

Taja ibara ya katiba ya jimbo: Ibara ya II kifungu cha 7 kwa upekuzi Colorado, Ibara ya II kifungu cha 10 New Mexico, Ibara ya I aya ya 7 New Jersey. Anayeandika "Marekebisho ya Nne" (ya Katiba ya Marekani, kuhusu upekuzi na kukamatwa) peke yake katika dai la Colorado au New Mexico ametaja haki ya katiba nyingine.

Kisha sema nani alifanya nini. "Polisi walinifanyia ukatili na kuvunja haki zangu" haina kazi yoyote. Linganisha: "Saa 21:42 Afisa A alikandamiza goti mgongoni mwa mdai kwa takriban dakika 2, mdai akiwa ameshafungwa pingu na amelala kifudifudi. Afisa B alisimama hatua mbili kutoka hapo, akatazama, hakusema neno." Sentensi mbili, wadaiwa wawili, na kila mmoja ana tendo lake. Usiyemjua jina mwite Doe 1, jina la muda la kisheria. California inaruhusu kumbadilisha baadaye kwa urahisi kuliko mahakama za shirikisho.

Ukiweka hata dai moja tu la Katiba ya Marekani, wadaiwa wana siku 30 tangu kupokea wito kuihamishia kesi yote mahakama ya shirikisho. Kule ada ya kufungua ni dola 405, ila uamuzi huu si wa ada. Mahakama ya shirikisho haiwezi kuwaamuru maofisa wa jimbo kufuata sheria ya jimbo lao wenyewe (Pennhurst, 1984), na juri yake (raia wa kawaida wanaoamua kesi) katika kesi za madai lazima ikubaliane wote. California hutosheka na 9 kati ya 12, New Jersey 5 kati ya 6. Kama mlango wa jimbo ni imara, kama wa New Mexico, wengi huacha 1983 kabisa wabaki nyumbani kwa jimbo. Mlango ukiwa dhaifu, beba vyote viwili.

Siku ya kuhojiwa chini ya kiapo

Omba mkalimani wa Kiswahili mapema na kwa maandishi, hata kama Kiingereza chako ni cha kutosha dukani. Mitego miwili inajirudia. Wa kwanza ni "ndiyo". Wakili anauliza kwa kukanusha: "Hukumsukuma afisa?" Mswahili anajibu "Ndiyo", maana yake ni kweli sikumsukuma. Katika kumbukumbu inaingia kuwa umekiri kusukuma. Jibu kwa sentensi nzima: "Sikumsukuma." Wa pili ni saa. Ukisema "saa tatu usiku" na mkalimani akatoa tatu ya Kiingereza, maelezo yako yanapishana na kamera kwa saa sita, na utaitwa mwongo mbele ya juri. Taja saa kwa mtindo wa 21:40.

Hali ya uhamiaji huwatisha wengi wasifungue kesi. Haki hizi ni za mtu, si za raia pekee, na California kwa kesi za madhara ya mwili imekataza hata kuuliza habari hiyo katika kukusanya ushahidi. Kwingineko wakili huomba jaji alizuie swali hilo mapema.

Pesa

Mawakili wengi wa kesi hizi huchukua asilimia ya fidia, na sheria nyingi za hapo juu humlazimisha aliyeshindwa kulipa ada ya wakili wa mdai. Muulize wakili wako jambo moja kabla ya kusaini: mahakama ikitoa ada hiyo, itahesabiwa ndani ya asilimia au juu yake? Pata jibu kwa maandishi. New Mexico liulize mara mbili, kwa kuwa kikomo cha milioni 2 kinabeba ada humo humo.

Kesi nyingi huishia kwenye makubaliano. Soma unachokiachia: baadhi ya karatasi huachilia madai yote dhidi ya mji na watumishi wake wote, pamoja na yasiyohusu tukio hili. Gharama za matibabu zilizolipwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hudaiwa kutoka kwenye fidia hiyo kabla hujaigusa. Kodi nayo: fidia ya jeraha la mwili haitozwi kodi ya shirikisho, lakini ya fedheha na msongo usiotokana na jeraha hutozwa, na ya kumwadhibu afisa hutozwa karibu daima. Kwa hiyo hati ya makubaliano iseme kila dola ni ya nini. Mgawanyo huo ukiandikwa baada ya hundi kutoka, mamlaka ya kodi haiuamini.